Naomba ushauri wa kupanga spika mbili sebuleni kabla ya Jumamosi

Mtazama Loleza (Jumanne, saa 2:40 usiku)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Ninaishi hapa Mbeya, eneo la Forest, na ninaomba mnisaidie namna bora ya kupanga spika mbili sebuleni. Mwezi uliopita nilinunua amplifaya pamoja na jozi ya spika za mtumba zilizo katika hali nzuri, zile za kusimama sakafuni zenye kimo cha kama sentimita 90, baada ya kuweka akiba kidogo kidogo kwa muda mrefu. Wiki za mwanzo nilifurahi kupita kiasi, kwa maana mwimbaji alikuwa akisimama katikati kabisa, juu kidogo ya televisheni, kana kwamba amekaribishwa ndani. Sasa hali imebadilika. Muziki wote umehamia kulia, na spika ya kushoto inasikika kama mtu anayezungumza huku amejifunika blanketi.

Sebule ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6, dari ni ya jipsamu na sakafu ni ya vigae. Spika ziko kwenye ukuta mfupi, moja kila upande wa televisheni. Kushoto kuna dirisha kubwa linalotazama mlima Loleza, lenye pazia zito la tabaka mbili kwa sababu ya baridi ya mwezi huu wa sita. Mchana nikilifungua, jua huingia na kuipiga spika. Kulia ni ukuta mtupu wa plasta, na mlango. Kochi la watu watatu limeegemea ukuta wa nyuma.

Nimefikiria kuipeleka spika ya kushoto kwenye kona na kuileta mbele kidogo ili ipate nguvu. Swali langu ni moja tu: niilete mbele kwa sentimita ngapi? Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Waya Mbili (Jumanne, saa 3:15 usiku)

Karibu, ndugu. Usisogeze chochote kabla ya kuondoa makosa madogo, kwa sababu mengi ya matatizo yanayoitwa ya chumba huwa ni ya waya. Zima amplifaya, kisha waya wa spika ya kushoto upeleke kwenye tundu la kulia, na wa kulia uuhamishie kushoto. Udhaifu ukihama upande, kosa liko kwenye amplifaya au kwenye chanzo cha muziki. Ukibaki palepale, kosa liko kwenye spika au chumbani.

Angalia pia chanya na hasi. Ikiwa spika moja imefungwa nyekundu penye nyeusi, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea na mwimbaji haonekani katikati hata uhamishe nyumba. Kama waya hazina alama, chukua betri ya volti 1.5, zigusishe ncha za waya kwa kitambo kidogo tu, halafu tazama wufa, ile koni kubwa ya besi: ikiruka kuja nje, basi chanya ya betri imegusa chanya ya spika.

Hayo yakiwa sawa, kanuni ya kuanzia ni pembetatu. Umbali kati ya spika na spika uwe karibu sawa na umbali wa kila spika kutoka kichwani pako, na twita, zile koni ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Katika sebule yako spika ziachane mita 2, kila moja ibaki sentimita 80 kutoka ukuta wa pembeni na kama 60 kutoka ukuta wa nyuma yake. Kochi liondoke ukutani. Wengi huanza kwa kuweka kichwa kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba, ambayo kwako ni mita 1.6 kutoka ukuta wa nyuma, kisha husogea mbele na nyuma hadi besi itulie.

Mnyalukolo Kihesa (Jumanne, saa 3:50 usiku)

Kamwene. Mimi niko Iringa na yaliyokupata ninayajua. Kushoto una pazia zito linalomeza sauti nyembamba, kulia una plasta inayoirudisha yote, unategemea nini? Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka kama bati lililochunwa kwa ukucha, hizo ni kuta mbili zinazorushiana sauti kama watoto wanaorushiana mpira. Kisha kaa kwenye kochi, mwenzako apitishe kioo polepole kwenye ukuta wa kulia. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo pa kutundika kitu kizito. Mimi nilitundika mkeka wa ukindu wenye blanketi nyuma yake, na shemeji yangu hadi leo anaamini ni pambo.

Nilikoma kuegemeza kochi ukutani siku niliyogundua kwamba mawimbi ya besi hujikusanya pale pale penye ukuta. Nilikuwa nimekwisha kuuza sabufa kwa hasira, nikidhani ni mbovu. Aliyeinunua anaitumia mpaka sasa, na kila tukikutana pale Mlandege ananisalimia kwa furaha inayoniumiza.

Binti wa Tukuyu (Jumanne, saa 4:05 usiku)

Ninyi mnaozungumzia pembetatu hamjaishi chini ya bati la Tukuyu kati ya Machi na Mei. Huku spika bora ni ile inayoweza kubishana na mvua, na mahali pazuri pa kuiweka ni kifuani. Kaka, nunua redio ya mkulima ulale.

Mzee wa Kaseti (Jumatano, saa 12:20 asubuhi)

Marahaba, mwanangu. Sisi tulikua na spika moja, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikatufikia kwa masafa ya kati huku ikizama na kuibuka, nasi hatukuwahi kuuliza mwimbaji amesimama upande gani, maana alikuwa amesimama kifuani mwetu. Miaka ya 1980, bendi ya Tancut Almasi walipokuwa wakipiga Iringa, nilisimama karibu na spika zao usiku kucha kwa sababu ndipo wasichana walipokuwa. Nililipia baadaye, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Ninachotaka kukuambia ni kwamba ukiongeza spika unaongeza na majirani.

Mtazama Loleza (Jumatano, saa 1:30 jioni)

Ninawashukuru wote. Nimebadilisha waya kama nilivyoelekezwa na kushoto kumebaki dhaifu. La kushangaza ni kwamba kulia kulizidi hata kuliko mwanzo. Chanya na hasi ziko sawasawa, betri imethibitisha. Kofi nimepiga na mlio ule upo. Pazia lilikuwepo tangu mwezi wa tano, wakati sauti ilipokuwa nzuri, kwa hiyo sioni kama ndilo lenye kosa. Kwa vyovyote nimebaki na wazo langu la kona, kwa sababu nimesoma kwamba kona huipa spika nguvu. Naomba mnijibu hilo la sentimita.

Waya Mbili (Jumatano, saa 2:00 usiku)

Nitakujibu, ila nina maswali matatu. Kwa nini Jumamosi? Kitufe cha balansi kwenye amplifaya, kile kinachogawa sauti kati ya kushoto na kulia, kimeelekea wapi? Na hao wengine mnaoishi nao, mkeo na watoto, wanasikiaje?

Nauliza la pili kwa sababu kile unachokiita cha kushangaza kina maelezo. Ikiwa balansi umeizungushia kushoto ili kuisaidia spika dhaifu, ulipobadilisha waya zile nguvu za ziada zilikwenda spika ya kulia.

Mtazama Loleza (Jumatano, saa 2:35 usiku)

Ni kweli, balansi nimeizungushia kushoto, kama robo tatu ya njia. Sikuitaja kwa sababu niliona ni jambo la kawaida.

Kuhusu Jumamosi, kuna fundi seremala wa Mwanjelwa ananitengenezea kabati la ukutani la televisheni, la mbao za paini kutoka Mafinga, lenye nafasi mbili za spika. Makubaliano ni shilingi 650,000 na nimekwisha kumpa 400,000. Nafasi ya kushoto inakaa kwenye kona, sentimita 30 mbele ya ile ya kulia, na ya kulia inazama ndani. Anakuja Jumamosi kutoboa ukuta. Vipimo alivichukua mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kochi namwelekeza, hivyo si kazi ya kubahatisha. Mbao zimeanza kukatwa na siwezi kumwambia mtu aunge ubao uliokatwa. Ndiyo maana nauliza sentimita tu: 30 zinatosha, au nimwambie 40?

Baridi ya Njombe (Jumatano, saa 2:50 usiku)

Mkuu, mimi ningeuliza hizo mbao zimekaushwa kwa muda gani. Paini mbichi ikifungwa ukutani wakati wa baridi, ikifika Oktoba inajikunja kama mkono wa mtu anayeombea chakula. Nilitengenezewa kabati la vyombo kwa haraka za namna hiyo na leo mlango wake unafungwa kwa kamba. Mwambie fundi akuonyeshe ncha za mbao. Zikiwa na utomvu unaonata, mpe siku zaidi.

Waya Mbili (Jumatano, saa 3:25 usiku)

Kabati hilo lisifungwe, na sababu ni mbili.

Kwanza, kona haiipi spika nguvu ya kila kitu. Kila ukuta ulio karibu huongeza besi, na kona ina kuta mbili na sakafu, kwa hiyo utapata mngurumo mwingi upande huo. Sauti za juu, zile zinazobeba maneno ya mwimbaji na uzi mwembamba wa gitaa, haziongezeki kwa njia hiyo. Umesema spika inasikika kama imefunikwa blanketi. Ukiisukumia kona unaiongezea blanketi la pili. Chumba chako kina tabia zake tayari: kwa urefu wa mita 4.2 besi ya karibu hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, itajikusanya kwenye kuta za mwisho, na kwa upana wa mita 3.6 ile ya karibu hezi 48, nawe kochi lako limeegemea ukuta.

Pili, hizo sentimita 30. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo spika iliyo karibu kwa sentimita 30 inakufikia mapema kwa karibu sehemu 9 za elfu kumi za sekunde. Unaweza kuona ni kitu kidogo mno, lakini ubongo hupima kwa vipimo hivyo hivyo: upande unaotangulia kwa muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde huuvuta muziki wote kwake. Yeyote atakayekaa kwenye kochi lako atamsikia mwimbaji akiimbia ndani ya pazia.

Na swali langu la tatu umeliruka. Rudisha balansi katikati, weka kiti cha kawaida mahali unapokaa, sikiliza, kisha geuza kiti uzipe spika kisogo, na usikilize wimbo ule ule. Kosa likiwa la spika au la chumba, ule upande wenye nguvu utahamia sikio lako la kushoto kwa kuwa umegeuka. Fanya hivyo usiku huu.

Mtazama Loleza (Jumatano, saa 5:10 usiku)

Nimefanya mara nne. Nikitazama televisheni muziki uko kulia. Nikigeuka kutazama mlango wa jikoni, muziki bado uko kulia.

Naona nieleze yote. Mke wangu tangu wiki iliyopita anasema muziki umeegemea dirishani, yaani kushoto, na akaniuliza kama nimeharibu kitu. Mtoto wangu mkubwa akasema vivyo hivyo. Nilidhani wananikatisha tamaa kwa sababu ya fedha zilizotumika. Jumapili ya wiki iliyopita niliamka sikio la kushoto limeziba, likiwa na mvumo kama wa jokofu lililo chumba cha pili, na tangu siku hiyo simu ninaiweka kulia. Nilikuwa na mafua kidogo. Kila mtu hapa Mbeya ana mafua mwezi huu, na nina hakika litazibuka lenyewe.

Hata hivyo naomba mnielewe. Msikilizaji mkuu wa nyumba hii ni mimi. Ikiwa sikio langu ndilo linalosikiliza, kuna ubaya gani kabati likilifuata? Mtu mwenye mguu mmoja mfupi hushonewa kiatu chake, haambiwi avae cha jirani.

Zamu ya Usiku (Jumatano, saa 5:40 usiku)

Ninafanya kazi ya uuguzi na nilikuwa nasoma uzi huu kwa kupumzika, sasa sipumziki tena. Kaka, weka futikamba chini.

Sikio moja linapopungua ghafla, ndani ya siku tatu au pungufu, tunalichukulia kuwa ni dharura hadi daktari aseme vinginevyo. Huenda ni nta tu, huenda ni majimaji nyuma ya ngoma ya sikio kutokana na mafua, na hayo yana nafuu. Lakini huenda ni mshipa wa fahamu wa kusikia, ambao matibabu yake ya steroidi hufaa zaidi yakianza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na hesabu yangu inaonyesha kwamba leo ni siku ya kumi.

Jaribu hili, ingawa halichukui nafasi ya kipimo: fumba mdomo, vuma kwa pua kama anayebembeleza mtoto, na usikilize mvumo wako unaegemea wapi. Ukiegemea sikio lililoziba, mara nyingi kizuizi ni cha njiani, kama nta. Ukiegemea sikio zima, nenda hospitali kesho asubuhi, uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Usitie kijiti cha kiberiti, usitie mafuta ya moto, na usimruhusu mtu akupulizie kitu chochote.

Sidanganyiki (Alhamisi, saa 1:05 asubuhi)

Nimesoma mpaka hapa nikacheka. Nyuzi za namna hii tumeziona. Zinaanza na redio, zinapita kwa seremala, zinaishia kwenye sikio, na ifikapo kesho kutwa atatokea mwanachama aliyejiunga juzi akisema mjomba wake alipona kwa mafuta fulani, piga namba hii. Mtu anayejua urefu wa sebule yake mpaka nukta ya sentimita anawezaje kukaa siku kumi asijue kwamba ni sikio lake lililokufa? Isitoshe, anasema dirisha lake linatazama Loleza na jua linaipiga spika mchana. Loleza iko kaskazini ya mji, na jua linachomoza mashariki na kuzama magharibi, hata mtoto wa chekechea anajua. Mtunzi huyu hajawahi kukanyaga Forest. Alete picha ya sebule.

Binti wa Tukuyu (Alhamisi, saa 1:30 asubuhi)

Sidanganyiki, hapo kwenye jua umejidanganya mwenyewe. Mwezi wa sita jua limekwenda kaskazini, na sisi tulio kusini ya ikweta tunaliona upande huo hata saa sita mchana. Toka nje leo adhuhuri utazame kivuli chako kimelalia wapi. Mimi huanika mahindi upande wa kaskazini wa nyumba msimu huu wote kwa sababu hiyo. Huyu kaka anaishi pale pale anaposema, au amemwiba shahidi mzuri.

Sidanganyiki (Alhamisi, saa 1:42 asubuhi)

La jua nimelikubali. La mafuta ya masikio nalisubiri.

Baridi ya Njombe (Alhamisi, saa 2:10 asubuhi)

Mimi nashuku upande mwingine. Kwa nini Zamu ya Usiku ametokea haraka hivyo, katikati ya mazungumzo ya spika, akiwa na hesabu ya siku mkononi?

Zamu ya Usiku (Alhamisi, saa 2:18 asubuhi)

Kwa sababu mume wangu ana spika nne sebuleni na mimi ndiye ninayezifuta vumbi. Siuzi chochote. Nimemwambia aende hospitali, sikumwambia aje kwangu.

Mzee wa Kaseti (Alhamisi, saa 2:45 asubuhi)

Mnaoshangaa mtu kutojua sikio lake hamjapoteza moja. Zile spika nilizosimama mbele yake ujanani zilinidai baadaye, nami kwa miaka miwili niliwalaumu wajukuu kwa kunong'ona, nikailaumu simu, nikamlaumu na mchungaji kwamba siku hizi anahubiri chini chini. Mtu huyu amemlaumu seremala na dirisha kwa siku kumi tu. Ameniacha mbali.

Mtazama Loleza (Alhamisi, saa 3:00 asubuhi)

Picha ya sebule yenye amplifaya siweki mtandaoni, wezi nao wanasoma. Asiyeniamini simlazimishi.

Nimevuma kama nilivyoelekezwa, mara nyingi hadi mke wangu akaja kuuliza ninamwimbia nani. Mvumo unakwenda kulia, kwenye sikio zima. Niko njiani kwenda hospitali. Fundi sijamwambia kitu bado, maana sijui nianzie wapi.

Waya Mbili (Alhamisi, saa 3:20 asubuhi)

Anza na kumwambia asitoboe ukuta, mengine yatafuata. Na ule mfano wako wa kiatu ulinipa kazi usiku. Kiatu anavaa mtu mmoja, sebule inavaliwa na nyumba nzima. Stereo ni hila inayochezewa masikio mawili. Alan Blumlein, mhandisi wa Uingereza aliyeomba hataza ya mfumo huo Desemba 1931, inasimuliwa kwamba alianza kwa kukerwa na sinema, kwa kuwa mwigizaji alitembea huku na huku lakini sauti yake ilitoka mahali pamoja. Hila yake inahitaji sikio la kushoto lipate kitu tofauti kidogo na la kulia, kwa kiwango au kwa wakati. Sikio moja halina la kulinganisha nalo, kwa hiyo hata ukiipeleka spika ya kushoto mpaka kwenye paja lako, mwimbaji hatarudi katikati. Utaongeza kelele tu.

Kwa sasa bonyeza kitufe cha mono kama amplifaya yako inacho, kile kinachochanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja, ili sehemu zilizorekodiwa kushoto zisikupite, na kwenye simu washa sauti ya mono ndani ya mipangilio ya ufikivu unapotumia vipokea sauti. Kwenye kochi kaa ncha ya kushoto, ili wanaozungumza nawe wawe kulia kwako. Lakini spika zipangie watu wenye masikio mawili, kwa ulinganifu, kwa sababu nawe huenda ukawa mmoja wao tena.

Mnyalukolo Kihesa (Alhamisi, saa 4:15 asubuhi)

Na ukuta wa kulia utundike ule mkeka, sikio au bila sikio. Mlio wa kofi ulikuwepo, usije ukajificha nyuma ya ugonjwa.

Mtazama Loleza (Jumamosi, saa 3:30 usiku)

Ninarudi kutoa taarifa. Juzi daktari alinitazama masikio yote mawili na kukuta hakuna nta. Nikaingizwa kwenye kibanda kidogo kilichofunikwa sponji kuta zote, nikavalishwa vipokea sauti, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Kulia nilibonyeza vizuri. Kushoto palikuwa na muda mrefu nilikaa nimeshika kitufe nikimwona mpimaji kupitia kioo akiandika, nami sisikii kitu. Nimepewa vidonge vya kuanza siku ile ile na nitarudi Alhamisi. Zamu ya Usiku, ahsante sana. Sidanganyiki, hakuna aliyeniuzia mafuta.

Fundi amekuja leo na mbao zake zimekwisha kukatwa. Tumebishana kwa heshima kwa saa nzima. Mwishowe kabati litabeba televisheni tu, zile nafasi za spika ataziwekea rafu za vitabu, na ukuta haukutobolewa.

Baada ya kuondoka kwake nimezitoa spika kwenye kuta kwa vipimo vya Waya Mbili na balansi nimeirudisha katikati. Kochi nimelileta mbele, ingawa ruhusa niliyopewa inaisha kesho jioni kwa kuwa tuna wageni. Kwa vile sikio langu halina ushahidi, nilimketisha mke wangu katikati, nikamwomba afumbe macho na anyooshe kidole mahali alipo mwimbaji. Mara ya kwanza alinyoosha kulia kidogo ya televisheni. Nikairudisha spika ya kulia nyuma kwa sentimita 3, akasogeza kidole. Nikaigeuza twita yake kidogo kuelekea kochi, akasogeza tena. Tuliendelea hivyo mpaka kidole kikasimama juu ya televisheni, pale pale alipokuwa akisimama mwezi uliopita. Nilikaa kando yake, ncha ya kushoto. Kwangu mimi yuko mlangoni.

Baridi ya Njombe (Jumamosi, saa 3:48 usiku)

Pole sana, mkuu, na upone haraka. Je, hizo ncha za mbao ulizitazama?

Mtazama Loleza (Jumamosi, saa 3:55 usiku)

Nimezitazama. Zinanata.